Krismasi hii mgeni akaribishwe kwa sinia la matunda, si kwa kreti ya soda

WAHENGA walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii hunijia kila Desemba ninaposhuka kwenye matatu mjini Sindo, ufuoni mwa Ziwa Victoria katika Kaunti ya Homa Bay, na kutazama jinsi sisi wakazi wa mijini tunavyoingia nyumbani. Juu ya gari pamefungwa magodoro, magunia ya unga na kreti za soda. Mikononi tumebeba keki, biskuti na mikate. Naam, mgeni amekuja. Lakini je, mpenzi msomaji, mwenyeji anapona?

Nina shangazi huko Sindo, ambaye kwa desturi yetu namwita Waya. Ameishi na ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi na kwa kawaida hujitunza vizuri. Humeza dawa kwa saa zake, hula ugali kidogo na mboga nyingi, na chai yake haina sukari. Krismasi moja tulifika nyumbani kwake watu kumi na wanne, kila mmoja na zawadi yake. Asubuhi keki, mchana soda, jioni soda tena. Alipowatembelea majirani alikaribishwa kwa soda. Siku ya nne alikuwa na kiu isiyokatika, akienda haja ndogo kila mara, na usiku maneno yakaanza kumchanganya. Tukamkimbiza hospitalini gizani. Alilazwa siku tisa.

Aliporejea, nilimlaumu. Nilimuuliza kwa nini alikunywa ilhali alijua hali yake. Alinitazama kwa muda, akaniambia, "Nyathina, umeninunulia kwa pesa zako, umebeba kutoka Nairobi mpaka hapa. Ningekataaje mbele ya wageni?"

Sikuwa na jibu. Kosa halikuwa lake. Tulikuwa tumeandaa meza ambayo mwenye nyumba hangeweza kula wala kukataa. Ndiyo sababu ninaandika haya kabla hujafunga mizigo yako.

Soda si heshima

Tufanye hesabu kidogo. Chupa ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani zaidi ya vijiko saba vya chai. Hakuna mtu ambaye angetia vijiko saba katika kikombe kimoja cha chai na kumpa mgeni bila kuona haya. Kreti moja ya chupa 24 ni karibu robo tatu ya kilo ya sukari iliyoyeyushwa majini.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu ambazo mtu huzipata kwa siku, na ikiwezekana ipungue hadi chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima, kiwango hicho cha chini ni kama gramu 25. Maana yake ni kwamba soda moja inamaliza kipimo cha siku nzima na kukipita. Mtoto mdogo kipimo chake ni kidogo zaidi, na watoto ndio hunywa tatu au nne siku ya Krismasi huku sisi tukicheka.

Shirika hilo hilo hushauri kila mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 94 kati ya 100 hawakuwa wakifikisha kiasi hicho. Hii ni nchi ambayo maembe huoza chini ya miti kila Desemba!

Matunda ya mgonjwa

Hebu jiulize swali hili. Ukienda kumtazama mgonjwa hospitalini hubeba nini? Hubeba ndizi, machungwa, na pengine papai. Lakini mtu huyo akipona na kuja kukutembelea, unamfungulia soda. Tunajua kabisa chakula kinachomfaa mtu, ila tunangoja mpaka augue ndipo tumpe.

Wapo watakaosema kwamba mgeni hapewi papai, kwamba matunda ni ya watoto wanaorejea kutoka shule, na kwamba jirani atadhani pesa za mjini zimeisha. Hofu hii naielewa. Matunda yakiletwa mezani katika karai, na kisu kikirushwa kando, hakika yataonekana kuwa chakula cha kuzugia njaa. Dawa yake ni kuyaandaa kwa heshima ile ile tunayoyapa mapochopocho mengine ya sikukuu.

Katika hoteli kubwa za miji na majarida ya kigeni, siku za Krismasi huandaliwa ubao wa jibini na matunda uliopangwa kwa umbo la mti wa Krismasi au nyota. Wageni huchota kidogo kidogo kabla ya chakula kikuu. Wazo hilo ni zuri, na lina faida kiafya pia. Jibini ina protini na mafuta, na vitu hivyo viwili vikiliwa pamoja na tunda hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Lakini hatuna haja ya kuiga mti wa nchi za baridi. Sindo ni mji wa wavuvi. Kwetu nyumbani sasa tunapanga samaki.

Jinsi ya kupanga samaki

Kwa watu kumi na watano, tafuta papai moja kubwa, maembe manne, nanasi moja, ndizi mbivu sita, machungwa manne na malimau matatu. Vingi vya vitu hivi utavipata sokoni bila kubeba chochote kutoka Nairobi. Chukua sinia kubwa na ulitandike jani la mgomba lililooshwa vizuri.

Anza na mkia. Kata nanasi vipande vyembamba na uvipange kama kipepeo upande mmoja wa sinia. Kisha kata papai na maembe vipande vipana, uvilaze kimoja kikifunika mwanzo wa kingine, ukianzia mkiani kuelekea kichwani, mstari mmoja wa papai na mmoja wa embe. Hayo ndiyo magamba. Mapezi ni nusu duara za machungwa. Kichwa kipange kwa vipande vya ndizi vilivyonyunyiziwa maji ya limau ili visigeuke vyeusi. Jicho ni kipande cha ndizi chenye mbegu moja ya papai katikati. Tumbo la samaki liache wazi, kwa maana hapo ndipo jibini itakapokaa.

Ukiwapa watoto kazi hii baada ya kunawa mikono, utaona ajabu. Mtoto aliyepanga magamba kwa mkono wake hawezi kungoja kuyala, wala hataulizia soda.

Jibini ya nyumbani

Jibini ya dukani ni ghali, na nyingine ina chumvi nyingi isiyomfaa mwenye shinikizo la damu. Ukiamua kuibeba kutoka mjini, chagua ile ngumu. Ile laini haivumilii safari ya usiku kucha na joto la ziwani bila barafu.

Lakini unaweza kuitengeneza mwenyewe. Chemsha lita mbili za maziwa freshi mpaka yatokote, huku ukikoroga. Epua, kisha mimina polepole vijiko vinne vya mezani vya maji ya limau. Baada ya dakika chache maziwa yataganda mabonge meupe na kuachana na maji yenye rangi ya kijani hafifu. Yasipoachana, ongeza kijiko kimoja cha limau. Chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, funga, na uweke chungu kizito juu yake kwa saa moja. Utapata jibini yenye uzito wa gramu 300 hivi, ambayo utaikata vipande vidogo vya mraba. Yale maji usiyamwage, yapikie uji.

Usiruke hatua ya kuchemsha. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya bruselosisi na vya kifua kikuu cha ng'ombe. Limau hugandisha maziwa, lakini haliui vijidudu hivyo. Mama mjamzito hasa asile kamwe jibini iliyotokana na maziwa yasiyochemshwa.

Na kama maziwa yameadimika, usihangaike. Kaanga omena mpaka wakauke, uwatie limau badala ya chumvi, na uwaweke katika bakuli kando ya sinia. Omena huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo humpa mlaji protini na madini ya kalsiamu, yale yale tunayoyatafuta katika jibini. Njugu karanga zilizochomwa pia zinafaa. Chagua zilizo safi, utupe zote zilizonyauka au kuota kuvu, na usiwape watoto walio chini ya miaka mitano njugu nzima kwa sababu zinaweza kuwakwama kooni.

Badala ya soda, loweka ukwaju, ambao Waluo huuita chwaa, katika maji yaliyochemshwa na kupoa. Uchuje na uuweke mahali penye baridi. Ukiona ni mkali, ongeza maji wala si sukari.

Usafi kwanza

Sinia zuri lililooshwa kwa maji machafu ni mtego. Usioshe matunda ziwani. Maji yasiyotibiwa yanaweza kuleta kipindupindu na homa ya matumbo, na anayeingia majini kuyaosha anaweza kuambukizwa kichocho, ambacho hupenya kwenye ngozi. Osha matunda kabla ya kuyamenya, kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa ya klorini. Kisu na ubao uliokatia nyama visiguse tunda kabla ya kuoshwa kwa sabuni.

Kata matunda wageni wakiwa wamekaribia kufika, si tangu alfajiri. Katika joto la kwetu, matunda yaliyokatwa, jibini na omena visikae mezani zaidi ya saa mbili. Funika sinia kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi, na weka vijiti au uma ili kila mkono usichovye humo.

Nani ale kiasi gani?

Kwa mgonjwa wa kisukari, tunda si sumu wala si ruhusa ya kula bila kipimo. Kipande kinacholingana na ngumi yake kinatosha kwa mara moja, pamoja na jibini kidogo, omena au njugu. Embe lililoiva sana ni tamu mno, kwa hiyo ale nusu. Tunda aling'ate, asilinywe kama juisi, kwa sababu juisi ni rahisi kuzidisha na nyuzinyuzi nyingi huwa zimeondolewa. Aendelee kupima sukari yake na kumeza dawa kama alivyoagizwa. Sikukuu si likizo ya dawa. Mwenye maradhi ya figo naye amuulize daktari wake kuhusu ndizi na machungwa, kwa sababu madini ya potasiamu yaliyomo yanaweza kumdhuru.

Sisemi kwamba soda iliyonywewa mara moja kwa mwaka itamwua mtu mwenye afya. Wala sisemi kwamba utupe keki ya watoto. Ninachosema ni kwamba kila nyumba tunayorejea Desemba ina mtu kama Waya, anayejua hali yake lakini haya inamzuia kusema "hapana." Huenda ni mama yako. Huenda ni baba mkwe wako, ambaye hata hujui kwamba amekwisha kupimwa na kuambiwa sukari imepanda. Si haki kumwachia yeye mzigo wa kukataa zawadi yako. Mzigo huo ni wako wewe unayebeba, na unaweza kuutua hapo hapo dukani kabla ya kupanda gari.

Krismasi iliyofuata tulifika na sinia jipya, na kitambaa cheupe cha kuchujia maziwa. Matunda tuliyanunua palepale sokoni. Waya alipomwona samaki wa papai na maembe alicheka mpaka akaketi. Kisha akavuta kiti karibu, akachukua gamba moja na kipande cha jibini, akala mbele ya wageni wake wote. Hakuna aliyehitaji kumwonea huruma wala kumkataza.

Hivyo ndivyo ninavyoielewa methali sasa. Mgeni aje, na mwenyeji apone kweli kweli. Nakutakia safari njema na Krismasi yenye afya.