Mashabiki wa The Flash, tunamlaumu Barry kwa kosa lisilo lake

Ukitaka kelele, taja The Flash mbele ya mashabiki watatu. Kabla hujamaliza sentensi, mmoja ashaanza na mwisho wa msimu wa pili, 2016. Zoom ameshindwa, Iris yuko tayari kumpenda, na Barry Allen anafanya nini? Anakimbia kurudi hadi usiku ambao mamake, Nora, aliuawa. Anamzuia muuaji na kuvuruga historia nzima. "Alichoma!" watu hupiga nduru. Kwani msimu wa kwanza si alifika usiku huohuo akakubali kumwacha mama aende?

Hapo mimi namtetea. Barry alikuwa na miaka 11 mama alipouawa, baba akafungwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Miaka mingi baadaye baba anatoka jela, wanafurahia kidogo tu, halafu Zoom anamuua mwanawe akitazama. Mpe mtu wa aina hiyo miguu inayoweza kufika jana, kisha umwambie atulie nyumbani. Hawezi. Uamuzi wenyewe ulikuwa mbovu na uliwagharimu wengine: aliporudi, kakake Cisco alikuwa amekufa, na Diggle aliyekuwa na binti sasa ana mwana, na hata hajui kulikuwa na binti. Lakini ni ujinga wa mtu mwenye kidonda, na hicho kidonda tulikijua tangu sehemu ya kwanza.

Ile siri ya Iris ndiyo iliboesha. Msichana ni mwanahabari, anamwandika huyo shujaa, na kila mtu anamficha "kwa usalama wake." Mpenzi wake Eddie anaambiwa. Captain Cold, mwizi, anajua jina kabla yake! Usalama gani huo, bana? Hapo ni waandishi walikuwa na sehemu 23 za kujaza.

Lakini uamuzi ambao hauingii akilini kabisa ni ule ambao hatuubishanii sana. Nazungumzia jela ya chini ya S.T.A.R. Labs.

Barry anafanya kazi kwenye maabara ya polisi. Joe, aliyemlea, ni mpelelezi. Na hawa wawili, pamoja na wenzao wa maabara, wanakamata watu wenye nguvu za ajabu na kuwafungia kwenye vyumba vya mtambo uliolipuka. Hakuna hakimu wala wakili, na hakuna jamaa anayekuja kuwaona siku ya Jumapili. Mashabiki hutania kuhusu choo, eti wanajisaidia wapi. Utani mzuri, ila mimi huwaza kesi. Huhitaji digrii ya sheria (mimi hata ya kitu kingine sina) kuona kuwa huo ni utekaji nyara.

Najua jibu: gereza la Iron Heights halingeweza kumzuia mtu anayegeuka gesi kama Kyle Nimbus. Sawa. Hiyo inaeleza ukuta, haielezi kukosa kesi. Na huyu si kijana yeyote tu. Ni mtoto wa Henry Allen, aliyekaa gerezani bila hatia! Ukiniuliza nani katika mji wote wa Central City angeuliza kwanza "na kama tumekosea?", ningesema Barry.

Ninayemkumbuka zaidi ni Shawna Baez, msimu wa kwanza, sehemu ya 12. Anaweza kuhama mahali hadi mahali popote anapoona. Anamtorosha mpenzi wake gerezani, wanaiba pamoja, kisha jamaa anamwacha kwenye mataa. Shawna anaishia katika chumba cha vioo ambavyo hawezi kuona nje, analia. Katika sehemu hiyohiyo Henry anadungwa kisu huko Iron Heights, na Barry anakwenda kuketi kando ya kitanda cha baba yake.

Kitanda kile na chumba kile viko katika saa moja ya televisheni. Barry anatoka kwa mmoja na kumfungia mwingine, na hakuna aliyemwandikia hata sentensi moja ya kushtuka.