Tarime na Serengeti Zijichore Zenyewe

Ni sehemu chache mno za dunia zilizopigwa picha nyingi kama nyika za Serengeti. Simba aliyelala juu ya jiwe, nyumbu wanaovuka mto Mara, na mgunga uliosimama peke yake jua likizama, vyote hivyo vinajulikana kwa mtoto wa Berlin na kwa mtoto wa Tokyo. Mwaka 1959 Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliitangaza hifadhi hiyo kwa filamu iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Michael mwenyewe alikwisha kufariki Januari 1959, ndege yake ilipoanguka wakati kazi hiyo ikiendelea. Tangu hapo kamera hazijapumzika.

Hata hivyo, ni vema kuuliza swali moja. Katika picha zote hizo, ni ngapi zimetoka katika mikono ya wananchi wa Robanda, Natta, Mugumu, au wa vijiji vya Tarime vinavyopakana na hifadhi upande wa kaskazini? Jibu linajulikana, na halipendezi. Wananchi wanaoishi jirani kabisa na wanyama hao ndio walioachwa nje ya kazi ya kuwachora. Nchi yao inaonyeshwa ulimwenguni na watu wengine, na mara nyingi huonyeshwa kana kwamba haina watu.

Dawa ya jambo hili haihitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka mbali. Inahitaji kipande cha karatasi ngumu, udongo, makaa, na nia. Wilaya za Tarime na Serengeti zianzishe mashindano ya wananchi ya kuchora picha ndogo. Kila mshiriki achore picha moja isiyozidi sentimita 10 kwa 15, yaani ukubwa wa kadi ya posta. Wote wapewe mwezi mmoja. Siku ya mwisho picha zote zitundikwe pamoja katika ukuta wa ofisi ya kata au wa darasa, kila mtu apite na kutazama. Sharti liwe moja tu: mchoraji achore kitu alichokiona yeye mwenyewe mahali anapoishi.

Huenda wako watakaocheka wakisema uchoraji ni kazi ya wenye kipaji, na kwamba mkulima na karani hawana kipaji hicho. Hoja hiyo imekwisha kujibiwa na historia ya nchi hii. Edward Said Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akafika Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani. Hakupita katika chuo chochote cha sanaa. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora juu ya vibao vya mraba vya hadibodi, akitumia rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, kwa kuwa vitu hivyo ndivyo vilivyopatikana madukani kwa bei ya mtu wa kipato chake. Picha zake ziliuzwa Oysterbay, mahali palipoitwa Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, baada ya kuchora kwa miaka michache tu. Lakini alikuwa amewafundisha ndugu na jamaa, nao wakawafundisha wengine, hata mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Leo jina la mtu huyo ni jina la mtindo mzima wa uchoraji unaojulikana duniani kote.

Katika historia hiyo kuna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba sanaa kubwa yaweza kuanza na kibao kidogo na kopo la rangi ya baiskeli. La pili linawahusu zaidi watu wa Mara. Simba, chui na tembo walioupa mtindo huo umaarufu walichorwa pwani, na wengi wa wachoraji hao walikuwa wenyeji wa Kusini. Hilo si kosa lao. Walifanya kazi yao, tena kwa ustadi. Kosa ni la yule aliye na tembo nyuma ya nyumba yake, akangoja achorewe na mtu wa Dar es Salaam.

Kwa nini picha ziwe ndogo? Sababu ya kwanza ni usawa. Turubai kubwa na rangi za dukani humwacha nje mtoto wa maskini, bali kadi inayokatwa kutoka katika boksi kuukuu humpokea kila mtu. Sababu ya pili ni muda. Mama anayerudi shambani jioni hawezi kumaliza picha ya mita mbili, lakini kidogo kidogo, kwa dakika chache kila siku, ataimaliza kadi kabla mwezi haujaisha. Sababu ya tatu ni kwamba udogo hufundisha nidhamu. Katika nafasi ndogo hakuna mahali pa kuficha uvivu. Mchoraji hulazimika kuamua kipi ni muhimu na kipi kiachwe. Mafundi wa Uajemi na wa India waliwachorea wafalme wao picha ndogo zinazoweza kushikwa mkononi, na kazi hizo mpaka leo zinatunzwa katika majumba ya makumbusho. Hakuna anayezidharau kwa sababu ya udogo wake.

Wala kazi ya rangi si jambo la kigeni katika ardhi hii. Ndani ya Hifadhi ya Serengeti, katika miamba ya Moru, iko michoro ya ngao na ya wanyama iliyofanywa na Wamasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Waliichora kabla ya kuhamishwa kutoka katika eneo hilo mwaka 1959. Watu hao hawakununua rangi dukani. Walijua udongo upi hutoa rangi ipi, kama vile mama wa Kikurya anavyojua udongo upi unafaa kusiriba ukuta. Elimu ya namna hiyo ingali vijijini. Mwalimu akiwatoa wanafunzi nje wakatafute udongo mwekundu, chokaa na masizi, atakuwa amefundisha sayansi, jiografia na historia katika saa moja.

Na wananchi wachore nini? Hapa ndipo lilipo jambo zito kuliko yote. Tembo anayeonekana katika picha ya mgeni ni mnyama mtulivu, mkubwa, anayetembea machweo. Tembo anayejulikana kwa mkulima wa wilaya ya Serengeti ni yule anayeingia shambani usiku na kumaliza mahindi ya mwaka mzima. Serikali imeweka utaratibu wa malipo yanayoitwa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au aliyefiwa kwa sababu ya wanyamapori. Maneno hayo mawili peke yake yanaeleza hali ya vijiji hivyo kuliko filamu nyingi. Mtoto akichora baba yake amekesha shambani, na debe la kugonga mkononi, amesema kweli ambayo ripoti ya kurasa 40 huenda ikashindwa kuisema. Anayetaka wanyama wahifadhiwe na anayetaka mkulima apate haki yake, wote wawili wanaihitaji picha hiyo.

Achorwe pia mpiga iritungu na nyuzi zake nane. Wachorwe wachezaji wa Kikurya katika viatu vyao vizito vya mti. Ichorwe kahawa ya milima ya Tarime, lichorwe daraja la Kirumi, wachorwe abiria wa Sirari na mizigo yao. Huko Masanga na Mugumu kuna nyumba salama zinazowapokea wasichana wanaokimbia kukeketwa, hasa ifikapo likizo ya Desemba. Wasichana hao nao wapewe kadi na rangi, wachore wanachotaka kuchora, na majina yao yahifadhiwe. Jambo ambalo binti hathubutu kulitamka mbele ya wazee, huenda mkono wake ukaweza kulichora.

Liko pia suala la koo. Historia ya Tarime ina kurasa zenye damu, yakiwamo mapigano ya Wanchari na Walyanchoka ya mwaka 2009, ambayo yalipoteza maisha ya watu na kuteketeza nyumba. Ushindani umo katika damu ya vijana, na hauwezi kufutwa kwa hotuba. Unaweza tu kupewa uwanja mwingine. Basi picha zitundikwe zikiwa zimechanganywa, bila kuandikwa ukoo wa mchoraji, na mshindi atangazwe kwa jina lake mwenyewe. Kijana wa ukoo huu akisimama mbele ya picha ya ng'ombe iliyochorwa na kijana wa ukoo ule, akavutiwa nayo kabla ya kujua ni ya nani, atakuwa amepiga hatua ndogo lakini ya kweli. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani, na ni heri vijana wajifunze kushindwa mbele ya ukuta wa picha kuliko mpakani, mishale ikiwa mkononi.

Sasa ni lazima kusema wazi juu ya wale wenye dhamana. Mpango mzuri katika nchi hii mara nyingi haufi kwa kupingwa. Hufa kwa kupokelewa vibaya. Barua huandikwa, kamati huundwa, posho hudaiwa, hema hukodiwa, na mgeni rasmi hungojewa hadi saa nane mchana wakati watoto wamesimama juani. Mwishowe hotuba huwa ndefu kuliko maonyesho yenyewe. Huo ndio umangimeza, na mashindano haya yakiingiliwa nao hayatafika mwaka wa pili.

Kwa hiyo pawe na kanuni moja ya kuwabana wakubwa: asiyechora asihutubie. Afisa Elimu achore. Mtendaji wa kata achore. Mwalimu mkuu achore, na picha yake itundikwe kando ya ile ya mwanafunzi wa darasa la nne, hata kama ya mwanafunzi ni bora zaidi. Hapo mwanafunzi atajifunza jambo ambalo ubao na chaki haviwezi kumfundisha, kwamba mkubwa naye huthubutu kujaribu asilolijua na haoni haya kushindwa. Mwalimu anayewaambia watoto wachore huku yeye akisahihisha madaftari pembeni amekwisha kuwafundisha kwamba kuchora ni mchezo wa watoto.

Walimu hawawezi kusema hawana nafasi katika ratiba. Mtaala wa elimu ya msingi uliotolewa mwaka 2023 una somo la Sanaa na Michezo. Somo lipo katika karatasi. Linalosubiriwa ni udongo na brashi. Shuleni mpira una uwanja wake na kwaya ina siku yake, lakini uchoraji huachiwa yule mtoto mmoja anayechora ramani ya Afrika ukutani. Wala hakuna haja ya kungoja fungu la fedha. Kijiti kilichotafunwa ncha yake kinaweza kuwa brashi, na boksi la sabuni linaweza kutoa kadi nyingi. Elimu ya kujitegemea, ambayo Mwalimu Nyerere wa Butiama katika mkoa huu huu aliifafanua mwaka 1967, haikuwa na maana ya jembe peke yake.

Je, picha hizo zitauzwa? Hilo linawezekana, na lisionewe aibu. Ng'ambo ya mpaka, huko Tabaka katika nchi ya Wakisii, wananchi wamefanya jiwe la sabuni kuwa riziki, na vinyago vyao vidogo vinapatikana katika masoko ya nchi nyingi. Msafiri anayeingia Serengeti kwa ndege ndogo kwa kawaida huruhusiwa mzigo wa kilo 15 tu. Hawezi kubeba kinyago cha mpingo cha urefu wa mtu, lakini kadi kumi hazitamlemea. Vijiji vilivyo karibu na lango la Ikoma vina soko linalopita barabarani kila siku.

Lakini soko lisitangulie mbele ya kazi. Picha ikianza kuchorwa kwa ajili ya mgeni kabla mchoraji hajajifunza kusema lake, baada ya muda mfupi ukuta mzima utajaa twiga wale wale na mlima Kilimanjaro nyuma yao, ingawa Kilimanjaro hauonekani Mugumu. Mwaka wa kwanza na wa pili picha zitazamwe na wenyeji wenyewe. Zitakazobaki nzuri machoni pa jirani anayelijua jambo lililochorwa, hizo ndizo zitakazostahili kuuzwa. Mcheza kwao hutunzwa, na ni lazima atunzwe kwanza na watu wa kwao.

Januari shule zinapofunguliwa, mwalimu mmoja wa Nyamongo au wa Natta anaweza kukata boksi moja, kugawa kadi arobaini na kuchukua ya arobaini na moja kwa ajili yake mwenyewe. Hahitaji kibali cha mtu kwa kazi hiyo. Yule aliyeko wilayani anachoweza kufanya ni kuomba kadi yake mapema, kabla hazijaisha.