Mwacheni Mama Ale Managu

Mwaka jana nililipwa shilingi mia nane kuandika kwamba managu ni mabaya.

Kichwa kilikuwa "Vyakula Vitano Vinavyokuvimbisha Tumbo Bila Wewe Kujua." Mteja alikuwa duka moja la mtandaoni linalouza chai ya kupunguza kitambi na vidonge vya "kusafisha utumbo". Mimi ni mwandishi wa vibarua. Chuo niliacha mwaka wa pili, lakini kodi ya nyumba haikuniacha, kwa hivyo kazi ikija sichagui sana. Orodha nilipewa ikiwa tayari: managu, nyanya, viazi, biringanya, maharagwe. Yangu ilikuwa kuitia chumvi tu. Nikaitia. Niliandika kwamba mimea hii ina kemikali za kujilinda dhidi ya wanaoila, kwamba kemikali hizo zinatoboa utumbo na kuwasha inflamesheni, ule uvimbe wa ndani usiouona kwa macho, na kwamba hapo ndipo kitambi kinapotoka. Chini kabisa, kiungo cha kununulia vidonge.

Halafu nikafanya ujinga wa pili. Nikaituma kwa grupu ya familia. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya Kiswahili kulipwa, na nilitaka mama aone kwamba kuacha chuo hakukuniua. Mjomba akaweka vidole gumba vitatu. Mama hakujibu kitu.

Desemba nikaenda nyumbani Konoin, kule Bomet ambako chai inaanzia barabarani na kuishia ukutani mwa jikoni. Jioni ya kwanza mezani palikuwa na ugali, kabichi ya kukaanga na thermos ya chai. Na bado nilikuwa nimepita kando ya zizi nikaona managu yamekua hadi kiunoni, yamezeeka, yanadondosha matunda. Hakuna aliyeyagusa.

"Mama, managu yamekosa nini?"

"Si wewe uliandika yanachoma tumbo?" Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayekutajia bei ya unga. "Hata maharagwe niliacha. Tumbo lilikuwa linanisumbua, nikasema wacha nimsikilize mtoto wangu. Amesoma."

Amesoma. Manze, hapo ndipo ugali ulikwama.

Kumbe wiki hiyo alikuwa ametoka kliniki na kuambiwa damu yake iko chini. Sisemi makala yangu ndiyo yaliyompunguzia damu, sababu za upungufu wa damu ni nyingi. Lakini mwanamke anayechuma chai tangu asubuhi, mwenye damu kidogo, alikuwa ameondoa kwenye sahani mboga zake za kijani na maharagwe kwa sababu mimi nilihitaji mia nane. Kwa hivyo naandika kuyajibu maneno yangu mwenyewe.

Nianze na ukweli uliokuwemo, maana haukukosa. Maharagwe yana protini zinazoitwa lektini, na maharagwe mekundu ndiyo yanaongoza. Ukila manne au matano yakiwa mabichi unaweza kutapika na kuhara vibaya sana. Viazi vilivyogeuka kijani au kuota vina solanini, na hiyo ni sumu kweli. Managu yako katika jamii moja na viazi, nyanya, pilipili na tumbaku, jamii ya mnavu, na matunda yake yakiwa bado ya kijani si ya kuliwa.

Sasa niulize: ni nani mtaani kwenu anakula maharagwe mabichi? Lektini hizo huharibika maharagwe yakiloweshwa na kuchemshwa sawasawa, maji yakitokota kabisa. Hatari hubaki kwa anayeyapasha polepole kwa moto mdogo usiofika mtokoto. Kogo yangu huyalowesha usiku, humwaga maji asubuhi, na sufuria hukaa jikoni hadi kuni ziishe. Managu huchambua jani kwa jani, matunda ya kijani hutupa, na yakiwa machungu huyachemsha na kuyamwaga maji. Kisha huweka maziwa, akayaacha yalale kwenye chungu hadi kesho yake. Hajawahi kusikia neno lektini. Lakini kila hatua aliyofundishwa na mamake ni jibu kwa ile kemikali niliyowatishia watu nayo. Kitu ambacho jikoni kilishatatuliwa kabla babu yangu hajazaliwa, mimi nilikiuza kama siri mpya iliyofichuliwa.

Na siri yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 2017 daktari wa upasuaji wa moyo wa Marekani, Steven Gundry, alitoa kitabu kiitwacho The Plant Paradox, kinachodai kwamba lektini ndizo chanzo cha unene na magonjwa mengi. Wataalamu wa lishe walikipinga, wakiuliza mbona watu wanaokula maharagwe kwa wingi ndio mara nyingi wenye afya nzuri. Daktari huyo huyo ana kampuni inayouza vidonge vya virutubisho, kikiwemo cha kukukinga na lektini. Anakutisha na mlango huu, anakuuzia kitasa na mlango ule. Orodha niliyopewa ilikuwa kivuli cha kitabu hicho. Kule Marekani walitaja jamii ya mnavu wakiwaza nyanya na pilipili. Huku mtu akafungua kamusi, akaona mnavu, akaandika managu. Yakahukumiwa kwa jina la ukoo, kama kijana anayebebwa na polisi kwa kosa la binamu yake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sayansi ya mboga na utumbo ilijifunza mengi kutoka kwetu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alifanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi 1960. Mwenzake Hugh Trowell alikuwa ametibu watu Kenya kabla ya kwenda Uganda. Waliona kwamba magonjwa ya utumbo yaliyojaa hospitali za Uingereza yalikuwa adimu vijijini kwetu. Burkitt akaamua kupima kitu ambacho waungwana hawakizungumzii mezani: kinyesi. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet kwamba wanakijiji wa Uganda walitoa kinyesi kizito kuliko Waingereza, na chakula kilipita mwilini mwao haraka zaidi. Sababu waliyoitaja ni nyuzinyuzi, zile kamba za mimea ambazo tumbo halizisagi. Leo pakiti ya nafaka kwenye supamaketi inajisifu "ina nyuzinyuzi", na sehemu ya sifa hiyo ilianzia kwenye choo cha shambani Afrika Mashariki. Sasa tunauziwa hofu ya mboga zile zile.

Kama Burkitt ni wa zamani sana kwako, kuna Kilimanjaro. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti wa wanasayansi wa Tanzania na Uholanzi uliofanywa na wanaume 77 wa eneo hilo. Waliozoea chakula cha kienyeji, yaani mboga za majani, maharagwe, ndizi, wimbi, walipewa kwa wiki mbili chakula cha kimagharibi: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wengine waliozoea mlo wa mjini wakarudishwa kwenye wa kienyeji. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kwa wiki moja. Matokeo? Waliohamia soseji na chipsi, protini za inflamesheni kwenye damu zilipanda na kinga ikalegea. Waliorudi kwenye maharagwe na mboga, alama hizo zilishuka. Wa mbege pia. Ni wiki mbili tu na ni wanaume watupu, kwa hivyo tusiimbe nyimbo za ushindi. Lakini ukitafuta moto tumboni, damu ya watu hao inakuonyesha upande wa kuangalia, na upande huo hauna managu.

Basi kitambi cha kwetu kinatoka wapi? Angalia meza ya mama. Chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku. Hivyo ni vijiko kumi na viwili, karibu gramu 50. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi kiasi hicho kwa siku nzima, na linasema nusu yake ndiyo bora. Hapo hujahesabu mandazi. Hujahesabu chapo na mafuta ya karai, wala soda ya Jumapili. Na ile chai inayonywewa pamoja na ugali ina tanini, ambazo hushika madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na nafaka yasiingie mwilini. Muuguzi ndiye aliyemwambia mama: rudisha mboga, chai isubiri saa moja baada ya chakula. Ushauri huo ulikuwa wa bure. Hakuna duka lingenilipa niuandike, kwa sababu hauna kiungo cha kununulia.

Tena tusijifanye ni suala la nidhamu ya mtu mmoja mmoja. Kampuni za Waingereza zilipopanda chai Kericho miaka ya 1920, ziliipanda kwenye ardhi ya watu waliolima wimbi na kufuga ng'ombe. Baada ya uhuru wakulima wadogo nao wakapanda, na chai ikawalipia karo watoto, mimi nikiwemo. Sikatai. Lakini zunguka Konoin leo uone boma ngapi zimebakisha kipande cha mboga. Chai hailiwi. Unauza majani mabichi, unanunua kabichi sokoni. Mboga iliyobaki inajiotea yenyewe kando ya zizi, bila kulimwa wala kunyunyiziwa, na hiyo ndiyo niliyokuja kuitia doa.

Nizungumzie pia ile chai ya kitambi, maana niliisifu. Nyingi za aina hiyo hufanya kazi kwa sena, mmea wa kuharisha. Unaenda choo mara tano, mizani inashuka, unapiga picha. Kilichotoka ni maji na kinyesi. Nguvu ya ile chapo ilishafyonzwa juu huko, kwenye utumbo mwembamba, kabla sena haijafika utumbo mpana. Sisi tuna ndugu wa mmea huo, senetwet, ambao mkaa wake Wakipsigis hupaka ndani ya kibuyu cha mursik. Mizizi na majani yake yalijulikana kama dawa ya kuharisha, na wazee walijua kwamba ukizidisha unadhuru. Hakuna kogo aliyekunywa senetwet kila jioni ili avae gauni.

Sasa wewe ambaye maharagwe yanakujaza gesi kweli, sikukejeli. Kuna sukari fulani ndani ya maharagwe ambazo bakteria wa utumbo mpana huzichachua, na kwa wenye utumbo mwepesi kuudhika hiyo ni maumivu ya kweli. Chuo Kikuu cha Monash, Australia, kilitengeneza mpango wa mlo kwa watu kama hao: unaondoa vyakula fulani kwa wiki chache, kisha unarudisha kimoja kimoja ujue hasa kinachokusumbua, ukiwa na mtaalamu. Sikia neno hilo: unarudisha. Orodha yangu haikurudisha chochote. Na tumbo lisiloisha kuuma linataka daktari, halitaki mwandishi wa mia nane.

Na msinigeuzie upande wa pili pia. Naona tayari managu yamekaushwa, yamesagwa, yamefungwa kwenye kopo na kuitwa muujiza. Kericho kwenyewe, mwaka 2011, watafiti wa chai walitoa aina ya zambarau, TRFK 306, mmea mzuri wenye rangi za antosiani. Haikuchukua muda wauzaji wakaigeuza dawa ya kukondesha. Managu ni mboga. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, ambaye utotoni maziwa, mayai na samaki vilimdhuru hivyo akakuzwa kwa mboga za kienyeji, ametumia maisha yake ya kazi kuonyesha kwamba mboga hizo zina lishe kweli. Alitaka tuzilime na tuzile. Kuzila inatosha.

Nilimwandikia mteja kuomba makala yaondolewe. Akasema hawezi, yanafanya vizuri. Yangali pale, na jina langu halipo, kwa hivyo hutajua ni yapi. Nyinyi wenzangu mnaoishi kwa vibarua vya maneno, najua njaa inavyoongea. Lakini kabla ya kutuma, jiulize kama ungependa mamako aamini kila sentensi. Mimi wangu aliamini.

Kabla sijarudi Nairobi nilituma ujumbe kwa grupu ile ile: kwamba nilikosea, kwamba maharagwe yakiiva vizuri hayatoboi mtu, managu ni salama, chai isubiri. Mjomba akaweka vidole gumba vitatu, vile vile. Mama alikuwa jikoni anachambua majani, simu iko kando ya karai. Akaisoma polepole.

"Na hii ya leo umelipwa ngapi?"

"Hakuna kitu."

"Haya," akasema, akarudi kwenye majani yake. "Basi hii labda ni ya ukweli."