Trela Isiyo na Cheti

Tangu tutangaze kwamba toleo hili litahusu watu wanaokusanya na kuchagua trela za filamu na magemu, nimekuwa nikiletewa hoja ileile kwa sauti tofauti: kazi hii haihitaji mchaguzi. Bandika linki, watu watazame, nzuri itapanda yenyewe na mbovu itasahaulika. Wenye hoja hiyo ni wengi na baadhi yao ni rafiki zangu. Nimewasikiliza kwa adabu kwa muda mrefu. Sasa ni zamu yao kusikiliza.

Wanaoamini kwamba umati huchuja wenyewe watueleze yaliyotokea YouTube. Chaneli mbili, Screen Culture na KH Studio, zilijikusanyia watazamaji kwa kutengeneza trela za filamu ambazo wamiliki wake walikuwa bado hawajatoa chochote. Vipande vya filamu za zamani viliunganishwa na picha za akili mnemba, mwigizaji maarufu akawekwa mbele, na kazi ikawa imekwisha. Kufikia Machi 2025 Screen Culture peke yake ilikuwa imetoa trela 23 za The Fantastic Four: First Steps, na baadhi zilitangulia trela halisi kwenye matokeo ya utafutaji. Jarida la Deadline lilipofuatilia likakuta kwamba baadhi ya studio za Hollywood, badala ya kudai trela hizo za bandia ziondolewe, zilikuwa zimeomba fedha za matangazo yake ziingie kwao. Mwenye mali aliibiwa, akaomba mgawo. YouTube ilizikatia chaneli hizo mapato mwezi huohuo, na Desemba 2025 ikazifunga. Umati haukuchuja kitu muda wote huo. Ulibofya.

Kundi la pili limepata jibu la haraka: tupokee trela rasmi tu, zilizotoka kwa studio au kwa kampuni iliyotengeneza gemu. Hapa ndipo ninapokosana na karibu nusu ya waandishi wa toleo hili, na nimewaambia hivyo.

Rasmi maana yake ni kwamba tunajua aliyelipa. Haituambii kama tunachokiona ni kweli. Waliofuatilia maonyesho ya E3 ya mwaka 2005 wanakumbuka trela ya Killzone 2, iliyopokelewa kana kwamba ndivyo gemu litakavyochezwa kwenye PlayStation 3, kumbe ilikuwa katuni iliyotengenezwa kando. Mwaka 2013 Aliens: Colonial Marines lilipoingia sokoni, wachezaji walikuta mwanga, vivuli na maadui tofauti na walivyoonyeshwa. Malalamiko yakafika kwa mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza, na Sega ikakubali kwamba trela zake hazikuwa zimelionyesha gemu kama lilivyo. Trela hizo zote zilikuwa rasmi, zenye nembo na baraka zote.

Filamu nazo hazijambo. Watazamaji wawili wa Marekani walikodi Yesterday kwa dola 3.99 kila mmoja kwa sababu trela ilimwonyesha Ana de Armas, wakakuta sehemu yake ilikwisha kukatwa. Wakashtaki. Studio ilijitetea kwamba trela ni kazi ya sanaa na inalindwa kama sanaa. Desemba 2022 jaji alikataa, akasema trela ni tangazo la biashara. Nakubaliana na jaji kuhusu kodi ya dola nne, lakini sikubaliani na wale wanaoichukua hukumu hiyo kama ruhusa ya kuitupa trela filamu ikishatoka. Trela ya Dead Island ya Februari 2011, iliyotengenezwa na Axis Animation ya Glasgow, inasimulia kifo cha mtoto kinyumenyume, na kwangu mimi ni bora kuliko gemu lenyewe, ambalo kwa sehemu kubwa ni kuwapiga mazombi kwa makasia. Inastahili kuhifadhiwa kama filamu fupi ya Axis. Haistahili kuhifadhiwa kama picha ya gemu.

Hoja yangu, basi, ni kwamba swali la “rasmi au si rasmi” limetupotezea muda. Kila trela inayoingia kwenye mkusanyiko iingie na cheti chake cha kuzaliwa: imetengenezwa na nani, kutokana na picha gani, mwaka gani, kwa lugha gani, na sauti inayosikika ni ya nani. Mwaka 2005 Robert Ryang, mhariri wa filamu huko New York, aliichukua The Shining ya Kubrick akaikatia trela inayoifanya ionekane hadithi tamu ya baba na mwana. Haikuwa rasmi hata kidogo, na haikumdanganya mtu, kwa sababu ilijulikana imetoka wapi. Machete nayo ilianza kama trela ya mzaha ndani ya Grindhouse mwaka 2007, na miaka mitatu baadaye ikawa filamu kamili. Mchaguzi wa “rasmi tu” angezikosa zote mbili.

Angeikosa pia sehemu kubwa ya historia yetu, na hapa nitakaa kidogo.

Januari 2010, Nabwana I.G.G. wa mtaa wa Wakaliga, Kampala, alipandisha YouTube trela ya Who Killed Captain Alex?, filamu aliyoitengeneza kwa fedha ambazo Hollywood zingeishia kwenye chai ya asubuhi. Hakukuwa na studio ya kuiidhinisha wala msambazaji wa kuibeba. Bunduki zilichomelewa kutokana na vyuma chakavu na helikopta ilitoka kwenye kompyuta. Trela ikatazamwa na mamilioni. Alan Hofmanis, mtu wa matamasha ya filamu kutoka New York, aliiona mwaka 2011, akapanda ndege kwenda Kampala, na akaishia kufanya kazi na Nabwana. Mwaka 2019 Crazy World, filamu nyingine ya Wakaliwood, studio ya Nabwana, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Njia yote hiyo ilifunguliwa na trela.

Lakini filamu yenyewe? Nakala ya awali ya Captain Alex haipo. Kompyuta ilijaa, ikafutwa ili kupisha kazi iliyofuata, na tunachokitazama leo ni toleo la DVD lenye sauti ya msimulizi, VJ Emmie, juu yake, akitania, akishangilia, akimwita kila mtu komandoo. Kazi iliyofuata, Tebaatusasula, nayo ikapotea umeme ulipoharibu diski. Kwa watengenezaji wetu wengi, trela iliyopandishwa mtandaoni ni nakala pekee iliyowekwa mahali ambapo umeme wa mtaani hauifikii. Kwa hiyo anayeniambia trela ni tangazo la kutupwa baada ya wiki mbili anazungumza kutoka kwenye nchi yenye maghala ya filamu.

Na VJ Emmie ni mwandishi wa toleo hilo au ni kelele juu ya filamu ya mtu? Kwenye mabanda ya video ya Kampala swali hili halijawahi kuulizwa, kwa kuwa watu hulipa kumsikia VJ. Kenya wana DJ Afro. Tanzania tulikuwa na Lufufu, ambaye kuna watu wazima leo wanaoikumbuka sauti yake kuliko sura za waigizaji aliowatafsiri. Sheria ya “rasmi tu” inawafuta hawa wote kwa kalamu moja. Sheria ya “bandika lolote” inawachanganya na akili mnemba. Cheti kinawapa mahali pao: picha za fulani, sauti ya Lufufu.

Waandishi wa toleo hili hawakukubaliana nami kwa kiasi cha kuridhisha. Makala ya kwanza inatetea umati, kwa ustadi kuliko unavyostahili. Ya pili inahusu kuvuja kwa trela ya kwanza ya Grand Theft Auto VI Desemba 2023, iliyoilazimisha Rockstar kuachia yake kabla ya saa iliyopangwa, na inauliza kama nakala iliyovuja nayo ihifadhiwe. Ndiyo, ihifadhiwe, iandikwe kwamba ilivuja. Mahojiano na wahariri wawili wanaokata trela jijini Nairobi yasomwe polepole, hasa pale wanapozungumzia malipo. Kuna makala kuhusu trela zinazosimulia filamu nzima, mjadala ambao umekuwepo tangu trela ya Cast Away ituonyeshe Tom Hanks akiwa amekwisha kurudi nyumbani. Wenye hasira na jambo hilo wataipenda. Tathmini za magemu mapya ziko nyuma, mahali pake.

Kwako msomaji nina ombi moja. Kama nyumbani bado una diski za filamu za Kibongo za enzi za Kanumba, usizigawe wala kuzitupa kabla ya kuangalia dakika za mwanzo, kabla filamu haijaanza. Mara nyingi pana vionjo vya filamu zilizokuwa njiani, na baadhi ya filamu hizo hazipatikani tena popote. Vinakili kwenye kompyuta, andika jina, mwaka, waliotajwa kwenye kava na sauti unayoisikia, kisha tuletee. Usipojua aliyekata kionjo, acha nafasi hiyo wazi. Usijaze kwa kubahatisha.