Fungu la Kila Msemaji

Wilayani Ludewa, ambako chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma vimejadiliwa kwa miaka mingi, neno lisilosikika mkutanoni ni neno lililopotea. Yafaa basi kumbi za mikutano zitumie mashine za dijiti za kuchanganya sauti, zenye uwezo wa kugawa nguvu ya maikrofoni zenyewe.

Maikrofoni nane zikiwa wazi, msemaji huwa mmoja, lakini zote hunasa mvumo wa ukumbi. Kila idadi yake iongezekapo maradufu, mvumo nao huongezeka maradufu kwa nguvu, yaani desibeli 3. Kutoka moja hadi nane ni desibeli 9. Hapo spika hukaribia kupiga mluzi.

Dan Dugan wa Marekani, aliyepewa hataza mwaka 1976, alitumia kanuni ya mafungu: kila maikrofoni hupata nguvu kulingana na sehemu yake katika jumla ya sauti zinazoingia. Msemaji wa peke yake hupata karibu zote; wawili wakisema sawasawa, kila mmoja hupunguziwa desibeli 3. Jumla hubaki kama ya maikrofoni moja.

Hata hivyo, mashine hupima ukubwa wa sauti tu. Uzito wa hoja haiujui. Mwenye sauti ndogo aweza kufunikwa na mwenye kupaza. Kwa hiyo fundi hana budi kurekebisha kila maikrofoni kabla ya kikao, na mwenyekiti kulinda zamu za kusema.