"Kuraje" siyo dawa

Wandugu, juma lililopita tulikuwa saba kwenye simu moja, mega za kuchangisha, tukiangalia mchekeshaji Mmarekani, Gary Gulman. Onyesho lake linaitwa The Great Depresh, lilitoka HBO mwaka 2019. Kiingereza chetu ni cha kuokoteza, lakini mmoja wetu alisomea Kampala, yeye alikuwa anasimamisha filme na kututafsiria. Tulicheka sana. Kisha kukawa kimya, hata wa kutafsiri akanyamaza.

Gulman ni mwanaume mkubwa, karibu mita 2. Alicheza futiboli ya Kimarekani ku unif, Boston College, na diploma yake ni ya kontabilite. Mwili kama ule, hapa kwetu wangemwambia aende kubeba mifuko. Lakini mwaka 2017 depresyoni ilimwangusha mpaka akarudi kulala kwa mama yake, nyumba alimokulia, na umri umepita miaka 45. Akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akapewa dawa, akapitishwa na kwenye tiba ya umeme ya kichwa. Yote hayo anayasimulia na mikro mkononi, na mama yake mwenyewe anaonekana kwenye filme.

Kurudi kwa mama! Hapo ndipo tulicheka kuliko pote, juu sisi hatujawahi kutoka. Lisanse iko kwenye kabati, miaka 26, na bado unamuomba mama franka 2000 za kunyoa. Kwa Gulman kurudi nyumbani kulionyesha wazi kwamba kuna kitu kimevunjika. Kwetu ni maisha ya kila mtu, kwa hiyo mmoja wetu akianza kuzama, nani ataona?

Anasema pia kwamba utotoni mwake, mtu akihuzunika dawa ilikuwa kuambiwa aache huzuni. Sisi tuko na neno moja tu. Umefiwa? Kuraje. Umekosa kazi? Kuraje. Umetoka kasho? Kuraje kamaradi, mapambano yaendelee. Kuraje ikishindwa, wanakupeleka kwa maombi kutafuta nani amekuloga.

Tuseme ukweli wetu. Tuko na mwenzetu aliyekamatwa siku ya maandamano. Alipotoka tulimpiga picha, tukamwita shujaa. Baada ya miezi akaacha kuja mikutano, akaacha kujibu simu. Tulisema nini? "Ameogopa." Wengine: "Wamemununua." Hakuna aliyeuliza kama analala usiku.

Kuna wandugu wanaotujibu kwamba ugonjwa wetu ni vita na kukosa kazi, na munganga hana kazi ya kutupa. Wana haki, nusu. Hatutakubali Leta itupe vidonge mahali pa amani na mushahara. Lakini anayezama leo hawezi kungojea mpaka inchi itengenezwe. Goma kuna Tulizo Letu, Bukavu kuna SOSAME, zote mbili za mafurere wa Charité. Kusema kweli, nani kati yetu angekubali kuonwa anaingia mlango ule mchana? Na akikubali, jamaa ndiyo inatafuta pesa ya matibabu, ile jamaa ambayo inakosa hata ya chakula. Gulman alikuwa na mahali pa kulazwa na watu wa kumpeleka. Tunadai afya ya akili iingie kwenye santere za afya za mitaa, na kwenye bajeti ya Leta, kwa mstari wake wenyewe. Na ndani ya mikutano yetu, kabla ya kugawa kazi, tuulizane kila mtu anaendeleaje, na tungojee jibu.

Siku ya Mungu wawili wetu walifika kwa yule mwenzetu. Mama yake alisema amelala. Ilikuwa saa kumi za jioni. Waliacha mega kidogo kwenye simu yake, na tunarudi siku ya ine.