Neno la Toleo Hili: Mazuku

Neno letu safari hii halimo katika kamusi nyingi, lakini wenzetu wa hapa Berea ambao wazazi wao wametoka Goma wamelisikia tangu utotoni. Mazuku ni hewa ukaa inayovuja ardhini karibu na volkano ya Nyiragongo na Ziwa Kivu. Haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mashimoni kama maji. Mbuzi akishuka humo hapandi tena. Mtoto vilevile. Wanajiolojia wa kigeni nao hawakuhangaika kutafuta neno jingine: katika makala zao za Kiingereza huandika "mazuku" hivyo hivyo. (Mnaosema Kiswahili hakina istilahi za sayansi, mpo?)

Hewa hiyo hutoka kwenye ufa. Bara letu linapasuka polepole katika Bonde la Ufa, na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda ikitoa gesi. Sasa fikirieni jambo hilo likiwa kubwa kupita kiasi. Miaka milioni 252 iliyopita, huko Siberia, magma ilipanda hadi kufunika mamilioni ya kilomita za mraba. Njiani ilikutana na makaa ya mawe, chumvi na jasi, nayo ni mgeni asiyechagua chakula. Makaa yalipoungua yalitoa hewa ukaa, dunia ikapata joto, bahari zikapungukiwa oksijeni, na zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini zikatoweka. Upande wa nchi kavu, ushahidi tunao hapa Afrika Kusini, katika miamba ya Karoo. Matabaka ya chini yana mifupa ya gorgonopsia, wawindaji wenye meno marefu. Ukipanda juu huwaoni tena. Aliyejaa kila mahali ni Lystrosaurus, mla majani mnene wa miguu mifupi.

Kilichotushangaza zaidi ni nikeli. Salfa ambayo magma iliila njiani ilinasa nikeli na shaba, ikazama nazo, na ndiyo mbale inayochimbwa leo Norilsk. Mlo ule ule ulitoa sumu na utajiri.

Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania, kuna nikeli iliyopatikana kwa njia kama hiyo: magma ilikula salfa ya miamba ya matope, miaka kama bilioni 1.4 iliyopita. Lakini wakati huo duniani hapakuwa na mnyama hata mmoja wa kufa. Kwa hiyo anayeona nikeli na papo hapo kutafuta makaburi ana haraka.

Limebaki neno "kutoweka", ambalo limetugawa. Wengine wetu wanaliona dogo mno, kwa sababu hata mbuzi hutoweka asubuhi na jioni akarudi. Mwenye neno zito zaidi atuletee kabla ya toleo lijalo, hasa kama alilisikia kwa bibi yake.